Saida: Kuchachua na Kukomaza Kileo cha Tufaha

Saida ni kileo kinachopatikana kwa kuchachua maji ya tufaha yaliyokamuliwa, bila kuyachemsha wala kuyatia nafaka. Kwao ni nchi za ubaridi wa wastani na mvua ya kutosha: Herefordshire, Somerset na Devon huko Uingereza, Normandy na Brittany huko Ufaransa, na Asturias huko Hispania. Hapa tunafuata zaidi desturi ya magharibi mwa Uingereza, ambako wakulima waliitengenezea ghalani kwa ajili ya kaya na vibarua. Sehemu ya ujira wa shambani ililipwa kwa saida mpaka sheria ya mwaka 1887 ilipokataza. Mengi waliyoyafanya wakulima hao huonekana kama ushirikina mpaka mtu aelewe jambo moja: saida nzuri hutoka kwenye maji yenye sukari tele lakini yenye lishe haba kwa hamira, yakachachuka taratibu katika baridi.

Tunda ndilo la kwanza. Tufaha la kula mezani lina utamu na uchachu, ila ukakasi wake ni mdogo, na saida yake huwa nyepesi, upesi kusahaulika kinywani. Matufaha ya saida mengi hayaliki. Ukiyang'ata hukausha ulimi kama ndizi mbichi. Mwaka 1903 B. T. P. Barker wa kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol, aliyagawa katika makundi manne kwa kupima asidi na tanini, inayoleta ukakasi huo. Yenye asidi chini ya asilimia 0.45 na tanini juu ya asilimia 0.2 ni matamu-machungu, kama Dabinett na Yarlington Mill. Asidi ikivuka kiwango hicho na tanini ikabaki juu, ni makali-machungu, kama Kingston Black. Matamu na makali, makundi mawili yaliyosalia, yana tanini kidogo. Tanini huipa saida uzito na rangi, asidi huilinda isiharibike, na ndiyo maana watengenezaji wengi huchanganya aina kadhaa.

Mavuno huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Matufaha hulundikwa kwa wiki kadhaa ili wanga uliobaki ugeuke sukari. Yakibonyea kwa kidole gumba, yako tayari. Yaliyooza hutupwa, kwani ukungu wa buluu unaoyashambulia hutoa sumu iitwayo patulini. Kisha huoshwa, husagwa kuwa rojo, na rojo hilo hufungwa kwenye vitambaa vinavyopangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya shinikizo. Machicha yanayobaki hulishwa mifugo. Vyombo viwe vya mbao, plastiki ya chakula au chuma cha pua, maana asidi hula metali nyingine. Somo hilo lilikuwa chungu: watu wa Devon waliteswa kwa vizazi na msokoto wa tumbo pamoja na kupooza, hadi mwaka 1767 daktari George Baker alipoonyesha kuwa chanzo ni risasi iliyotumika kwenye mashinikizo na kuyeyukia katika saida.

Maji yaliyokamuliwa hupimwa mara mbili. Hidromita huonyesha sukari: kwa kawaida husoma kati ya 1.045 na 1.060. Yakianzia 1.050 na kuishia 1.000, alkoholi itakuwa karibu asilimia 6.5. Kipimo cha pili, cha pH, yaani ukali wa asidi, hupuuzwa na wengi wanaoanza, nami nakiona muhimu kuliko cha kwanza. Maji yenye pH ya karibu 3.3 hujilinda vizuri na huhitaji salfaiti kidogo ya kuzuia vijidudu, yapata miligramu 50 kwa lita. Yakikaribia 3.8 yanataka mara tatu ya hiyo. Yakipita hapo, salfaiti haifui dafu, na inafaa kwanza kuyachanganya na maji ya matufaha makali.

Baada ya hapo hamira hushika kazi. Anayetaka uhakika huongeza hamira ya dukani. Anayefuata desturi huziachia zile zilizokuja na tunda na mashine. Hamira za awali, hasa Hanseniaspora, hutoa povu na harufu nyingi ya matunda, kisha hulemewa alkoholi ikiwa bado ndogo. Hapo hupisha jamii ya Saccharomyces, ambazo humaliza sukari. Chombo hujazwa hadi shingoni na kufungwa kwa vali ya maji inayotoa gesi bila kuingiza hewa.

Mwendo wa uchachukaji hutegemea joto na nitrojeni. Miti mizee isiyotiwa mbolea huzaa matunda yenye nitrojeni kidogo, na hamira zenye njaa huongezeka kwa shida. Kwenye nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi kazi inaweza kuchukua miezi, na harufu ya tunda haipeperushwi na gesi inayotoka kwa fujo. Kuhamisha saida kutoka kwenye mashapo kuingia chombo kingine huzidisha njaa hiyo, kwa sababu hamira nyingi huachwa nyuma pamoja na nitrojeni ziliyojilimbikizia. Watu wa Normandy hufika mbali zaidi: huacha pektini igande kuwa utando mzito wa kahawia unaoelea juu, ukiwa umebeba hamira na lishe, kisha huchota maji maangavu ya katikati. Uchachukaji wake hukwama mapema, na saida hubaki na utamu wake wa asili. Kwa hiyo anayemwaga lishe ya hamira kwa sababu tu povu limechelewa huharibu kile kilichokuwa kikimfaa.

Sukari ikiisha, adui ni hewa. Nafasi tupu ndani ya pipa huwapa bakteria wa siki oksijeni wanayohitaji, kwa hiyo pipa hujazwa kila linapopungua. Majira ya kuchipua yakileta joto, bakteria wengine, Oenococcus, hugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki iliyo laini zaidi na kutoa gesi. Kwa saida kali huo ni ukombozi. Kwa iliyo na asidi kidogo tangu mwanzo, huiacha imepooza.

Anayetaka mapovu huongeza sukari wakati wa kutia chupani. Gramu 4 kwa lita huzalisha gesi ya ujazo takriban sawa na wa saida yenyewe. Gramu 8 hadi 12 zinatosha, katika chupa nzito za aina ya shampeni pekee, na baada ya hidromita kusoma namba ileile kwa wiki kadhaa. Chupa za divai ya kawaida hupasuka. Saida yenye tanini nyingi huendelea kulainika chupani kwa miaka miwili au mitatu ikihifadhiwa gizani penye ubaridi. Ya matufaha ya mezani inywewe kabla ya mavuno yanayofuata.