Pauni 5 za mzee Pathak na mikono yenye haikuhesabiwa



Katika kila semina ya entrepreneuriat yenye tulipitia tangu tutoke masomoni, kuna saa moja yenye haikosi: saa ya hadithi ya mtu mwenye alianza na dolari 5. Majina yanabadilika, dolari 5 zinabaki. Mwalimu anafunga kompyuta yake, anatuangalia, anauliza: "Na ninyi, munangoja nini?" Kiisha tunakunywa sucré, kila mtu anarudi kwao.

Leo nataka tuchukue moja kati ya hizo hadithi, tena ya kweli, tuihesabu sawa vile tulifundishwa kuhesabu shamba: mbegu kilo ngapi, mikono ngapi, siku ngapi. Ni hadithi ya Laxmishanker Pathak, Muhindi mwenye alitoka Kenya na kufungua biashara ya viungo Uingereza. Chupa zake zinaitwa Patak's, bila "h", juu Waingereza walikuwa wanashindwa kutamka jina la familia. Wengi wanaisimulia hivi: alifika London na pauni 5 mfukoni, akafa tajiri. Yote mawili yanasemwa na kila mwenye aliandika juu yake, sina shida nayo. Shida yangu ni yale yenye iko katikati.

Tuanzie Kenya. Kwetu watu wanafikiri Wahindi wote wa Afrika ya Mashariki ni watoto wa wale wenye walijenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Hapana. Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India kati ya 1896 na 1901, na wengi wao walirudi kwao kontrati ilipoisha. Wachuuzi na wenye maduka walikuja kwa nauli yao wenyewe, hasa kutoka Gujarat, mmoja akiita ndugu yake, ndugu akiita shemeji. Pathak ni wa njia hiyo ya pili. Alizaliwa Gujarat katika umaskini, akafika Kenya angali kijana, na huko familia ikafanya biashara ya vitu vitamu vya Kihindi na sambusa. Ni kusema, kabla ya zile pauni 5, mzee huyu alikuwa tayari amehama mara moja, na alikuwa na kazi mikononi. Hiyo haitajwi kwenye semina.

Mwezi wa 10 mwaka 1952 serikali ya koloni ilitangaza hali ya hatari juu ya Mau Mau. Wahindi wa Kenya walikuwa katikati: chini ya mzungu, juu ya mwafrika, na bila kujua kesho yao. Katikati ya miaka ya 1950 Pathak na mke wake Shanta walichukua watoto, wakaenda Uingereza. Tuangalie tarehe vizuri. Ile wakati mtu wa koloni la Uingereza alikuwa anaingia bila visa. Mlango ulianza kufungwa na sheria ya 1962, na ile ya 1968 ilikazwa hasa juu ya Wahindi wa Kenya. Angechelewa miaka kumi na kitu, pauni 5 zake zingebakia Mombasa pamoja naye. Njo maana mimi nikisikia "alithubutu" ninauliza kwanza: na karatasi ya kuingia, ilikuwa bei gani?

London haikumpa kazi yenye alitafuta. Alichopata ni kusafisha mifereji ya maji machafu ya mji. Na hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Mchana baba yuko kwenye mifereji. Nani anapika? Mama Shanta. Walikuwa na jiko dogo katika nyumba ya Kentish Town, wakaanza kutengeneza sambusa na vitu vitamu na kuuzia Wahindi wenzao, wengi wanafunzi wenye walichoka kula viazi vya kuchemsha. Waingereza walikuwa wametoka juzi juzi, mwaka 1954, kwenye chakula cha tiketi cha wakati wa vita. Viungo havikuwa kitu cha kukuta kwa kila butiki. Watoto walikuwa 6 katika familia ile. Kirit, mwenye atakuja kuongoza kampuni, alikuwa bado mtoto mdogo alipokuwa anapanda basi kupelekea wateja vifurushi.

Sasa tuhesabu. Mwenye kufungua mgahawa leo, hapa au Bulaya, anaandika kwenye mpango wake: mpishi mmoja, msaidizi mmoja, wa kupeleka vitu wawili, mwenye kuosha vyombo. Kila mmoja na mshahara wake. Kwa akina Pathak ule mstari wote unasoma sifuri. Si kwamba kazi haikufanyika. Ilifanyika na mama na watoto, usiku na kabla ya masomo, na haikuandikwa fasi yoyote juu ni "ya nyumbani". Pauni 5 zilinunua labda unga na mafuta ya siku za kwanza. Mtaji ulikuwa ile mikono. Mwanauchumi wa kijiji chochote cha kwetu anajua hesabu hiyo: shamba la mihogo la familia linaonekana linaleta faida paka siku yenye utalipa watu wa kupalilia.

Mwisho wa miaka ya 1950 walipata duka dogo Drummond Street, karibu na gare ya Euston. Kiisha majirani wakaanza kulalamika juu ya harufu. Kila Mkongomani mwenye alikaanga makayabu katika nyumba ya ghorofa kwa wazungu anajua hilo lalamiko! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 familia ilihamisha kazi ya kutengeneza mpaka Brackley, mji mdogo wa Northamptonshire, ndani ya kinu cha zamani cha kusaga. Kufukuzwa na harufu kuliwapa nafasi ya kupanua. Lakini tusiseme basi ilikuwa baraka. Kuhamisha masufuria na watoto 6 kwa sababu jirani hapendi pua yako ni kuhama tena, mara ya tatu.

Mwezi wa 8 mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, wengi wakapokelewa kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Wanapaswa kula, na wapishi wa kambi hawajui dengu. Patak's ilikuwa moja ya wenye walipeleka chakula kwenye hizo kambi. Biashara ya mhamiaji wa zamani ilikua juu ya msiba wa mhamiaji mpya. Sisemi hiyo kwa kulaumu. Wenye kukimbia walihitaji kula chakula chao. Lakini ni vizuri kujua soko lilitoka wapi.

Na sisi tusicheke Uganda. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, mwaka mmoja tu baadaye, Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na mashamba ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani yakapewa watu wa Leta na rafiki zao. Wazee wetu wanakumbuka: acquéreur aliuza vitu vyenye alikuta kwenye étagère, akakula feza, na siku étagère ilibaki tupu hakujua aandikie nani kuagiza vingine. Hapo njo tunaona biashara ndogo ni kitu gani. Kuta na mzani vinaweza kunyang'anywa kwa tangazo moja. Anwani ya mwenye kuuza iliki kwa jumla, deni lenye halikuandikwa, mke mwenye anajua mteja gani anapenda nini, hivyo havihami na ufunguo.

Niruhusuni kidogo kama mtu wa agronomie, juu hapa kuna jambo lenye historia za biashara zinaruka. Kwa nini familia ile ilipanda kutoka achari na sambusa mpaka kampuni ya dunia nzima? Kwa sehemu kubwa ni juu ya pasti, ule uji mzito wa viungo ndani ya mafuta, wenye Kirit na mke wake Meena walisukuma kuanzia miaka ya 1970. Kiungo kizima kinatunza harufu yake. Ukishakisaga, kila chembe inakutana na hewa, na harufu inakimbia kila siku. Njo maana masala ya sachet yenye ilikaa sana sokoni ina rangi tu. Ukipika viungo ndani ya mafuta, mafuta yanazuia hewa. Ukiongeza chumvi na asidi, pH ikishuka chini ya 4.6, bakteria ya botulisme haiwezi kumea. Chupa inavuka bahari bila friji. Na mwingereza mwenye hajawahi kukaanga manjano hawezi kuiunguza, juu imeshakaangwa. Waliuza viungo pamoja na ujuzi wa mama mwenye kupika, ndani ya chupa moja. Meena alisomea mambo ya chakula na hoteli kule India. Lakini ladha yenye alikuwa anaitafuta kwa vipimo ilitoka jikoni kwa mama mkwe.

Sasa jikoni hapo, mali ilikuwa ya nani?

Mzee Pathak alikufa mwaka 1997. Mwanzoni mwa 2004, dada wawili wa Kirit walikuwa mbele ya korti kubwa ya London wakidai hisa zao. Walisema baba aliwapa sehemu katika kampuni, na kwamba hisa hizo zilitoka mikononi mwao. Upande wa pili, wa kaka na mama, ulileta desturi: kwao binti akiolewa hana fungu katika mali ya familia. Mama mzima, yule yule wa Kentish Town, akisimama upande mmoja, na binti zake upande mwingine. Kesi haikufika kwenye hukumu. Walipatana mwaka ule ule. Mwaka 2007 kampuni iliuzwa kwa Associated British Foods.

Mimi siko na haki ya kusema nani alisema kweli katika korti ile. Ninachoona ni kwamba sheria ya Uingereza ililetewa swali lenye lingepaswa kuulizwa katika lile jiko dogo: wakati mnasema "ya familia", familia ni nani? Wakati wa kupeleka vifurushi hakuna mwenye alikuwa anauliza kama mtoto ni wa kike ao wa kiume.

Ninaandika hiyo juu na sisi tuko hapo hapo. Yaya yangu alihamia Kampala na bwana yake kuna miaka sita, na tangu hapo anauzia Wakongomani wa kule pilipili ya unga na tangausi yenye sisi tunakausha huku. Mama na wadogo zangu wawili wa kike wanachagua na kusaga. Mimi nilileta elimu: meza ya kukaushia badala ya turubai chini, kukausha mpaka maji yabakie karibu asilimia 10, kutupa kila pilipili yenye doa, juu ukungu ukiingia aflatoksini inaingia nao, na Ulaya hawakubali zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka huu tunataka kuandikisha biashara. Na wote, hata mama, wanasema iandikwe kwa jina langu: mimi ni mwanaume, mimi nina licence, mimi ninajua kuongea na watu wa Leta.

Nimekataa kwanza, na nimeenda kusoma. Sheria no 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ile lazima ya mke kuomba ruhusa ya bwana ndipo aweke saini. Basi yaya anaweza kuwa mshirika kwa jina lake. Code de la famille inagawa urithi sawa kwa watoto, wa kike na wa kiume, hata kama kule kijijini wanamwambia binti fungu lake liko kwa bwana. Na katika sheria ya OHADA ya makampuni, yenye ilitengenezwa upya mwaka 2014, kuna kitu kinaitwa apport en industrie: katika SARL mtu anaweza kuleta kazi na ujuzi wake, akapata parts, hata kama hakuleta franga moja. Hata sisi wenye diploma hatukusikia hiyo kwenye semina moja.

Nilipoeleza nyumbani, mdogo wangu wa mwisho, mwenye kuchagua pilipili mpaka macho yanavimba, aliuliza kazi yake ya miaka minne inafanya parts ngapi. Mama akamwambia anyamaze. Kaka yangu mkubwa, mwenye hajawahi kugusa meza ya kukaushia, akasema tunaleta mambo ya wazungu ndani ya nyumba. Tangu hapo tumekaa mara mbili na hatujamaliza. Yaya anangoja Kampala, na kwa notaire hatuendi mpaka hesabu ya mdogo ijibiwe.

Kati yenu kuna wenye walisoma droit. Kama mmoja alishaandika statuts zenye apport en industrie ya watu wa nyumba moja, ninamuomba tuonane, aniletee mfano.