Mafuta ya Nazi Yaliyoganda Majengo

Julai, Majengo ya Moshi. Baridi ya mlima imeshuka mpaka uani na mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa. Bibi anayemkanda dada yangu, mzazi wa siku tisa, hana haraka. Anaitumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji ya moto, anasubiri. Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani si jambo la kila siku, huku tumelizoea.

Chupa hiyo ina historia. Juu migombani Wachaga walijipaka mafuta ya ng'ombe wao. Kukandwa kwa nazi na kusingwa kwa liwa ni mambo ya pwani. Misafara ilikuwa ikipanda huku hata kabla Rebmann hajauona mlima, mwaka 1848, ila reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mizigo ya pwani iliacha mabega ya watu ikapanda garimoshi. Majengo, kama zile za Mombasa na Nairobi, ukawa mtaa wa waliotoka kwingi, na kila aliyekuja alikuja na mafuta yake.

Tusidhani mafuta ya mbali ni mambo ya juzi. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinataja samli na mafuta ya ufuta yakiletwa kutoka India hadi bandari za Pembe ya Afrika.

Bibi ana chupa ya pili, ya nyonyo. Ni mazito, peke yake yanavuta ngozi, kwa hiyo huyachanganya na nazi. Mafuta ya mgando, mali ya visima vya petroli ambayo Chesebrough aliyasajilia hataza Marekani mwaka 1872, anayaweka ya mwisho, kwenye visigino. Losheni hataki kabisa.

"Inanyonywa kabla sijafika kiunoni, mwanangu. Mkono unakwama."

Ugomvi ulianza dada alipotoa kopo la krimu. Alilinunua kwa rafiki, akaahidiwa litaondoa weusi ulioachwa na mimba. Bibi aliligeuza, akalinusa.

"Halina jina, halina kiwanda. Na mtoto si analala kifuani hapohapo?"

Akaliweka nje ya mlango.

Dada akalia. Pesa yake, ngozi yake, eti bibi wa watu anaamua! Nilimwelewa. Lakini bibi alikuwa sahihi: vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado mkorogo unauzwa kwenye makopo kama hilo. Zebaki huingia kupitia ngozi, na figo ndizo huumia. Nazi iligeuzwa na bibi wangapi kabla ya kufika kwetu, ikajulikana harufu yake ikiwa nzuri na ikiwa imeharibika. Kopo lile lilikuwa na umri wa wiki moja, na hakuna aliyemjua mkorogaji.

Dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama maji yameshachemka.