Mwezi, Ziwa na Siku za Kufunga

Wavuvi wa Baraka na wa vijiji vya rasi ya Ubwari, wilayani Fizi, Kivu Kusini, hupanga kazi yao kwa mwezi. Ndakala, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa, hushinda kwenye kina na kupanda usiku karibu na uso wa maji. Mvuvi huwasha taa juu ya maji meusi, samaki hukusanyika chini ya mwanga, wavu huinuliwa. Mwezi unapokaribia kupevuka, mbalamwezi hutanda ziwa zima na taa haivuti tena. Ndiyo maana kila mwezi huwa na kipindi cha kama juma moja ambacho mitumbwi mingi hulala ufukweni na nyavu hushonwa.

Ufuo huu ulipokea pia hesabu za mwezi zilizokuja na dini. Uislamu ulifika na misafara ya waungwana na wafanyabiashara wa pwani waliopitia Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Mapadri wa Kikatoliki wa Kardinali Lavigerie nao walifungua vituo vyao vya Masanze na Kibanga, karibu na Ghuba ya Burton, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kila upande ulileta siku zake za kufunga, na kila upande ulikuwa na njia yake ya kuujua mwezi. Njia hizo zinaeleweka vizuri zaidi zikiwekwa pamoja na ya tatu, ya Wahindu wanaomwabudu Vishnu, yaani Wavaishnava, ambao wameipeleka hesabu hiyo mbali kuliko wote.

Kwa Mwislamu siku huanza jua linapotua, na mwezi mpya huanza pale hilali inapoonekana magharibi muda mfupi baada ya hapo. Kuonekana ni jambo la mahali. Karibu na ikweta hilali hulala chali, pembe zote mbili zikitazama juu, na huwa juu kidogo ya pale jua lilipozamia. Hiyo ni nafuu kwa mtazamaji. Lakini Baraka iko ufuo wa magharibi wa ziwa, milima ya Fizi iko nyuma yake, na hilali changa hukaa chini sana angani. Mtu aliyesimama ufukweni Baraka anaweza kunyimwa na mlima kile ambacho mtu wa Ujiji anakiona akitazama ng'ambo ya maji. Mabishano ya kila mwaka kuhusu mwandamo, kama tuufuate wa kwetu au wa nchi nyingine, huchukuliwa mara nyingi kuwa ya ukaidi. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mabishano hayo inatokana na umbo la nchi yenyewe, na yanastahili kusikilizwa kwa heshima.

Nje ya Ramadhani kuna saumu za sunna, zikiwemo zile za tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, zinazoitwa siku nyeupe kwa sababu usiku wake una mwanga. Hizo ndizo siku ambazo mvuvi wa Baraka yuko nyumbani. Anayetaka kuzifunga hahitaji kuvuta nyavu usiku kucha kisha ashinde na kiu.

Kanisa nalo linauhesabu mwezi, ila haliutazami. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, na mwezi huo ni wa kwenye majedwali, hivyo unaweza kupishana kidogo na ule wa angani. Jumatano ya Majivu hupatikana kwa kurudi nyuma siku 46 kutoka Pasaka. Mwaka 2026 Pasaka iko 5 Aprili, kwa hiyo Kwaresima imeanza 18 Februari, siku moja tu baada ya mwezi kuandama kwa hesabu ya falaki. Ramadhani imeanza siku hiyo hiyo au kesho yake, kulingana na mwandamo uliofuatwa.

Wavaishnava hufunga mara kwa mara zaidi. Afrika Mashariki wengi wao ni watu wenye asili ya Gujarat, wakiwemo wafuasi wa Swaminarayan wenye mahekalu Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Wako pia wafuasi wa jumuiya ya Hare Krishna, ambayo mwanzilishi wake, A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, alifika Mombasa na Nairobi mwaka 1971. Saumu yao kuu ni Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi: moja mwezi ukikua, nyingine ukipungua. Kwa kawaida ni Ekadashi 24 kwa mwaka. Wapo wanaofunga pia Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, katika siku ya nane ya nusu ya giza, na Rama Navami, katika siku ya tisa ya nusu ya mwanga.

Siku ya mwezi katika hesabu hii huitwa tithi. Kila mara mwezi unapolitangulia jua kwa digrii 12 zaidi angani, tithi moja imekwisha, na 30 zinatimiza mzunguko. Kwa kuwa mwendo wa mwezi hauko sawa wakati wote, tithi yaweza kuwa ya saa 19 au kukaribia saa 27, na inaweza kuanza saa yoyote, mchana au usiku. Siku ya kawaida hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Wavaishnava huongeza sharti kali: Ekadashi iwe safi tangu dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa tithi ya kumi bado imegusa alfajiri hiyo, saumu huahirishwa hadi kesho yake. Kufungua nako kuna wakati wake, asubuhi ya siku ya 12, na haifai kuuchelewesha ukapita.

Hapa ndipo mahali panapokuwa na neno. Jua huchomoza Baraka karibu saa tatu baada ya kuchomoza Mumbai. Tuseme tithi ya kumi imekwisha nusu saa baada ya jua kutoka Mumbai. Kule alfajiri imekwisha kuguswa, na saumu itasogezwa hadi kesho. Baraka bado ni usiku. Zile dakika 96 zinapoanza, tithi ya 11 imekwisha kuingia, na saumu ni leo hii. Mvaishnava aliyeko Fizi na ndugu yake aliyeko Mumbai watafunga siku mbili tofauti chini ya mwezi mmoja, na wote wawili wako sahihi. Kalenda iliyochapishwa India haitoshi kwa mtu wa huku. Inabidi hesabu ifanywe upya kwa macheo ya mahali alipo.

Katika Ekadashi nafaka na jamii ya kunde huachwa: wali, ngano, mahindi, maharage. Wenye nguvu hukaa bila chakula kabisa, na katika Ekadashi iitwayo Nirjala, kati ya Mei na Juni, hata maji huachwa. Muhogo haumo katika makatazo, na Wahindu wengi siku hiyo hupika sabudana, punje nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Kwa hiyo bugali ya muhogo, chakula cha kila siku cha Fizi, isingevunja saumu hiyo, ilhali ya mahindi ingeivunja. Ndakala hawangekuwa na nafasi, kwa kuwa Mvaishnava anayeshika desturi hali samaki siku yoyote.

Hesabu zote tatu hukutana na tatizo moja: miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kanisa huibakiza Pasaka ndani ya Machi na Aprili. Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu, nao katika 2026 unaanza 17 Mei na kuisha 15 Juni, ukifanya Ekadashi za mwaka huo kuwa 26. Waislamu hawaongezi kitu, na Ramadhani huzunguka majira yote katika miaka kama 33. Fizi iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana wa saumu haubadiliki sana, tofauti na ule anaofunga mtu wa Fizi aliyehamia Ulaya ya kaskazini. Kinachobadilika ni hali ya hewa: vumbi na upepo mkali wa ziwani katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, au matope ya barabara ya Uvira wakati wa mvua. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mara zote mbili Fizi itakuwa katika mvua.