Stand, Mwadui, Geita Gold: Dhahabu Ipo, Almasi Ipo, Ligi Kuu Haipo

Haya wadau, hebu fungueni ramani kidogo. Toka Shinyanga mjini nenda Mwadui, rudi pita Kahama, kisha nyoosha mpaka Geita. Ndani ya eneo hilo kuna almasi, kuna dhahabu, na kuna pesa inayolisha nusu ya bajeti za watu wengine. Sasa fungueni msimamo wa Ligi Kuu msimu wa 2025/26 mtafute timu moja tu ya Shinyanga au Geita. Hakuna. Kanda nzima ya madini inaangalia Ligi Kuu kwenye king'amuzi, kama mtu wa nchi nyingine.

Na siyo kwamba hazijawahi kuwepo. Zilikuwepo tatu, kila moja na mbwembwe zake, na kila moja imeanguka kwa staili yake. Watoto wa 2005 wakiambiwa kuna kipindi Simba na Yanga walikuwa wanaenda Kambarage roho mkononi, wanadhani ni stori za vijiweni. Siyo stori.

Tuanze na Chama la Wana. Stand United jina lake halina siri yoyote: ni stendi ya mabasi Shinyanga. Timu ya wapiga debe. Wale jamaa wanaokunyang'anya begi ukishuka kwenye bajaji ili wakupandishe basi la Mwanza hata kama unaenda Tabora, ndio chimbuko la timu. Hapakuwa na tajiri wala kampuni. Mwaka 2014 timu hiyo ikapanda Ligi Kuu, pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro.

Mechi ya kwanza kabisa, nyumbani, Kambarage imejaa, mji mzima umevaa jezi. Ndanda wakawapiga 4-1. Watu wakaanza kucheka mapema: timu ya stendi itashuka kabla ya Krismasi. Wiki chache baadaye hao hao wakaenda Taifa wakatoka 1-1 na Simba. Kicheko kikaisha, msimu ukaisha, Stand wakabaki.

Halafu pesa ikaja, na hapa ndipo stori inapoanza kunoga. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa inamiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kule upande wa Kahama, ikasaini kuwadhamini. Mkataba wa miaka miwili, mkwanja wa kuhesabu kwa mabilioni. Kwa timu ambayo jana ilikuwa inachangisha nauli stendi, hiyo ni kama kushinda bahati nasibu. Akaletwa kocha Mfaransa, Patrick Liewig, ambaye Simba nao walishawahi kuwa naye. Akaja Elias Maguri kutoka Simba. Chama la Wana likawa na hadhi.

Kilichofuata kila mtu wa Shinyanga anakijua ila wengi hawapendi kukisema kwa sauti. Bila pesa, timu ilikuwa ya wote. Pesa ilipoingia, ghafla likazuka swali: hii timu ni ya nani kisheria? Upande mmoja ukasema ni klabu ya wanachama. Upande mwingine ukasema ni kampuni. Zikawa Stand United mbili ndani ya jezi moja, na viongozi wa kila upande wakijiita halali. Majina yao tuyaache, wenyewe wanajijua na mtaani wanajulikana. Mdhamini akaangalia ule ugomvi, akaona hajui hata cheki amwandikie nani. Mwaka 2016 Acacia ikajitoa.

Hapa watu huchanganya mambo, kwa hiyo liwekwe sawa. Kuna wanaosema Acacia iliwaacha Stand kwa sababu ya sakata la makinikia. Tarehe zinakataa. Zuio la kusafirisha makinikia lilikuja Machi 2017, udhamini ulishavunjika 2016. Makinikia yaliimaliza Acacia yenyewe, mpaka Barrick wakaichukua yote mwaka 2019. Stand walijimaliza wenyewe kabla.

Ila timu ya wapiga debe ina roho ya paka. Septemba 2016, mdhamini kashaondoka, Yanga bingwa mtetezi anakuja Kambarage. Pastory Athanas akaweka moja, ikaisha 1-0. Miaka miwili baadaye, 2018, wakaenda Dar wakapoteza 4-3 kwa Yanga, lakini Mrundi wao Alex Kitenge akaondoka na mpira wake: zote tatu za Stand alifunga yeye. Januari 2019 Yanga wakaja Shinyanga wakiwa hawajapoteza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Jacob Massawe, dakika za jioni kabisa, 1-0. Mji haukulala.

Miezi minne baadaye Stand United ikashuka daraja. Ndiyo, msimu uleule. Unamfunga Yanga wa moto halafu unashuka na African Lyon. Maana Yanga anakuja mara moja kwa mwaka, na siku hiyo hata asiyelipwa mshahara anakimbia. Shida ni zile Jumatano za safari ndefu, uwanja mtupu, posho haijaingia. Ligi inaamuliwa huko.

Tuhamie Mwadui, maana hawa jirani zao walikuwa wanaishi maisha mengine kabisa.

Mwadui ipo wilaya ya Kishapu, mkoa huohuo. Mgodi uligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada, John Williamson, na ndiyo maana mpaka leo unaitwa Williamson. Kama unapenda mambo ya kifalme, lile jiwe la pinki la karati 54.5 alilozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947 lilitoka hapo hapo Kishapu. Malkia alilivaa kama bruchi mpaka uzeeni. Kishapu yenyewe imebaki na shimo na vumbi lake, ila tusitoke nje ya mada.

Mwadui FC ilikuwa timu ya mgodi. Uwanja upo ndani ya eneo la mgodi, nyasi zinamwagiliwa, wachezaji wanalala pazuri. Stand walikuwa na watu bila pesa. Mwadui walikuwa na mfuko bila watu. Maana nani atashangilia? Mashabiki ni wafanyakazi wa zamu na familia zao, na wanakijiji wa jirani ambao uhusiano wao na mgodi siku zote umekuwa wa mashaka. Mwaka 2015 timu ikapanda Ligi Kuu chini ya Jamhuri Kihwelo, "Julio", kocha ambaye hata akinyamaza ni habari.

Ghafla mkoa mmoja una timu mbili Ligi Kuu. Mikoa mingapi nje ya Dar imewahi kusema hivyo? Na ile dabi ya Shinyanga haikuwa na mfano: wapiga debe dhidi ya wachimba almasi. Timu ya stendi kwa timu ya geti. Mtu wa mjini alikuwa anaona Mwadui ni watoto wa kishua, na mtu wa Mwadui alikuwa anaona Stand ni kelele tu.

Mwadui nao walikuwa na siku yao. Oktoba 30, 2019, Simba ambao hawakuwa wamepoteza mechi yoyote ya ligi msimu ule walikuja Kambarage, Gerald Mathias Mdamu akafunga, 1-0. Huyu Mdamu ndiye yule aliyekuja kuumia vibaya miguu kwenye ajali ya basi la Polisi Tanzania mwaka 2021. Ukikutana na picha ya goli lile, tulia kidogo uiangalie.

Kisha ikaja Aprili 2020. Corona imeingia, bei ya almasi duniani imeporomoka, mgodi wa Williamson ukasimamisha uzalishaji. Mashine zimezimwa, wafanyakazi nyumbani. Haukufunguliwa tena mpaka 2021. Sasa angalia timu: msimu wa 2020/21 ndio Mwadui walikula 6-1 nyumbani kutoka kwa JKT Tanzania, wakala 5-0 kwa Simba ndani ya mwezi huohuo, wakamaliza mkiani. Hakuna aliyetoa tamko kwamba kimoja kilisababisha kingine. Lakini timu yenye mlango mmoja wa pesa, mlango ukifungwa, unategemea nini? Haijarudi Ligi Kuu tangu hapo.

Wenzetu Ulaya timu za viwanda zinazo. PSV ya Uholanzi ilizaliwa na wafanyakazi wa Philips. Bayer Leverkusen ni ya wafanyakazi wa kiwanda cha dawa, na mwaka 2024 wamebeba ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi. Tofauti ni kwamba kiwanda cha dawa hakimaliziki chini ya ardhi. Mgodi una tarehe yake ya mwisho tangu siku unapofunguliwa. Buzwagi, mmoja wa ile migodi iliyokuwa nyuma ya mkataba wa Stand, umeshafungwa.

Na sasa Geita, wale ambao ilionekana kama wamejifunza makosa ya wote wawili.

Kabla ya kuwasifia, tukumbushane 2016, maana mashabiki wa Geita huwa wanaanzia stori 2021. Daraja la kwanza, Kundi C, siku ya mwisho. Geita Gold na Polisi Tabora wanagombea nafasi ya kupanda, kinachohesabiwa ni magoli. Geita wakashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Polisi Tabora wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Siku moja, muda mmoja. Nchi nzima ikacheka mpaka ikalia. TFF ikachunguza, na Aprili ikatangaza adhabu ya upangaji matokeo: timu zote nne zikashushwa daraja, viongozi kadhaa wakafungiwa. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambayo ilikuwa imekaa pembeni inatazama. Mbao hao hao mwaka uliofuata wakamtoa Yanga wakacheza fainali ya FA na Simba, chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije. Geita walikuwa wanaangalia maisha yao yakiishiwa na mtu mwingine.

Wakaanza upya kutoka chini. Mwaka 2019 wakafika mchujo wa kupanda, na nani alikuwa anawasubiri mlangoni? Mwadui. Almasi ikaizuia dhahabu, Geita wakarudi kujipanga. Wakapanda 2021, timu ya Halmashauri ya Mji, mdhamini mkubwa ni mgodi wa GGML. Yaani pesa ipo, na mwenye timu anajulikana kwa karatasi. Lile swali lililowaua Stand, Geita walikuwa na jibu lake.

Wakaanza ligi na kocha nani? Ndayiragije yuleyule wa Mbao. Mambo hayakwenda, akaondoka mapema, Fred Felix Minziro akarudi, na timu ikawaka. Msimu wa kwanza Ligi Kuu, nafasi ya nne! George Mpole akamaliza na magoli 17, Fiston Mayele wa Yanga 16. Mfungaji bora wa Tanzania alitoka Geita, msimu ambao nchi nzima ilikuwa inatetema na Mayele.

Tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja. Septemba 2022, Hilal Alsahil ya Sudan: wakapoteza 1-0 ugenini, wakashinda 2-1 marudiano, wakatolewa kwa goli la ugenini. Na hayo marudiano ya "nyumbani" yalichezwa Chamazi, Dar. Timu ya mji wa dhahabu haikuwa na uwanja wa kuchezea mechi ya Afrika. Shabiki wa Geita aliyesubiri usiku ule maisha yake yote aliuangalia kwenye TV, au alipanda basi zaidi ya kilomita elfu moja.

Baada ya hapo wakaanza kuuza na kuondokewa. Mpole akaenda Lupopo ya Lubumbashi, Minziro naye akaondoka. Msimu wa 2023/24 Geita wakashuka, pamoja na Mtibwa Sugar. Mwaka huohuo KenGold ya Chunya, timu nyingine ya dhahabu, ikapanda, ikakaa msimu mmoja, ikashuka. Dhahabu na Ligi Kuu zina kesi ambayo haijaisha.

Mtibwa walirudi baada ya msimu mmoja tu. Geita je? Championship ya 2024/25 ikamalizika na mchujo wa kuwania nafasi ya mwisho, na ratiba ilipotoka watu wa kanda hii hawakuamini: Geita Gold dhidi ya Stand United. Halmashauri na mgodi upande mmoja, wapiga debe upande mwingine, miaka sita baada ya kila mtu kudhani Chama la Wana limezikwa. Stand walikuwa wamepita misimu yote hiyo bila mgodi wowote nyuma yao.

Stand wakapita. Wakaenda kukutana na Fountain Gate iliyokuwa inapigania kubaki Ligi Kuu, wakapigwa nje ndani. Mabasi ya mashabiki yakarudi Shinyanga, yakashusha watu pale pale stendi.