Ford ya Wauza Gongo Iliyoshinda Mbio, Ikanyang'anywa Ushindi

Unaambiwa kabla mbio za magari Marekani hazijawa biashara ya mamilioni, jamaa walikuwa wanakimbizana kwenye vumbi na magari ya kawaida kabisa.

Juni 19, 1949, pale Charlotte, North Carolina, NASCAR waliandaa mbio zao za kwanza za magari yaliyo kama yalivyotoka kiwandani. Magari 33, mizunguko 200, uwanja wa udongo.

Aliyemaliza wa kwanza alikuwa na Ford ya 1947, tena kawaacha wenzake mizunguko mitatu! Ila wakaguzi walipochungulia chini ya gari, wakakuta springi za nyuma zimechezewa. Kumbe ndo ujanja wa wasafirishaji wa gongo: ukijaza mzigo gari halibonyei nyuma, polisi hawashtuki, na kwenye kona linatulia.

Ushindi akapewa wa pili, aliyekuwa na Lincoln. Mwenye Ford akakimbilia mahakamani, akagonga mwamba.

Magari mengi ya enzi zile yaliendeshwa mpaka yakafa, yakaishia skrepa. Machache yaliyobaki, wapenzi wake wanayafufua gereji kwa kuangalia picha za zamani, na stori ya Ford hii haiwaishi mdomoni.

Sheria ni sheria, sawa. Lakini madereva kibao wa mwanzo walijifunzia kasi kwenye kuwakimbia polisi usiku. Mchezo ukawapokea madereva, ukazikataa springi zao.

Wewe ungempa nani ushindi? Tiririka hapo chini.