Kipepeo wa Kigeni ni wa Nani? Kutoka Tabora hadi Nyumba za Vioo

Huko Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo zenye joto la kutengeneza, ambamo watu hulipa kiingilio ili wapige picha vipepeo wa kigeni. Kigeni kwa nani? Kati ya vipepeo wanaoitwa hivyo wamo majirani wa kila siku wa mtu wa Tabora.

Mchukue Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758, na Afrika hakuwahi kuikanyaga. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay. Wakaitwa wavumbuzi, ilhali njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilishakanyagwa kitambo na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi.

Wazungu wa safari hizo walikusanya pia ndege, mimea na wadudu. Mwaka 1888, kule London, Arthur Gardiner Butler alichapisha orodha ya vipepeo alivyoletewa na Emin Pasha, huyohuyo aliyefika Tabora mwaka 1890. Kibandiko cha makumbusho huandika jina la mdudu, mahali na mkusanyaji. Mpagazi aliyebeba sanduku? Hayumo.

Siku hizi husafiri buu aliye hai ndani ya kifukofuko. Tangu 1993 wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza vifukofuko nje. Amani, Usambara Mashariki, nao walifanya hivyo, mpaka Tanzania ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Wafugaji wakabaki na vizimba, soko hakuna. Kule kwenye vioo, mgeni husoma "Afrika" tu, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja.

Ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa Tabora ina thamani. Ila hebu tuwe makini, maana jike la Hypolimnas misippus humwigiza chrysippus, ambaye ana sumu, ili ndege wamwogope bure. Tazama bawa la nyuma: chrysippus huwa na madoa meusi matatu au manne katikati, misippus ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Kwa hiyo usiridhike na picha ya ncha za mbele peke yake. Ngoja asubuhi, anapoota jua mabawa wazi, mkaribie taratibu bila kumtupia kivuli.

Halafu andika tarehe, mtaa, mti aliotua, na jina la aliyekuonyesha, hata kama ni mtoto wa jirani. Vibandiko vya zamani havikumkumbuka mtu kama huyo.