Kisiwa Ambacho Mtu Hakuruhusiwa Kufa

Mykonos unaijua hata kama hujawahi kutoka Nairobi. Ni zile picha za nyumba nyeupe, bahari ya buluu na vinywaji vya bei ya kodi ya nyumba. Watalii huzunguka visiwa vya Cyclades kwa feri jinsi sisi tunavyounganisha matatu: Mykonos leo, Naxos kesho, Santorini keshokutwa. Wengi hawaulizi jina Cyclades lilitoka wapi. Linatokana na neno la Kigiriki la duara, maana Wagiriki wa kale waliona visiwa hivi vimekizunguka kisiwa kimoja kitakatifu, Delos. Mimi nilitaka kukiona hicho kwanza. Ufuo ungengoja.

Kutoka Mykonos ni kama nusu saa kwa boti. Delos haina hoteli, na mgeni haruhusiwi kulala huko. Ni mawe, magofu na jua lisilo na huruma. Kwa imani ya Wagiriki, mungu Apollo alizaliwa hapa. Ndiyo maana mwaka 426 KK Waathene waliamua kukitakasa: makaburi yakafukuliwa, mifupa ikahamishiwa Rheneia, kisiwa cha jirani, na ikawa marufuku mtu kuzaliwa au kufa Delos. Mama mwenye uchungu na mgonjwa mahututi, wote walivushwa ng'ambo.

Sasa sikiza kilichofuata.

Mwaka 166 KK, Roma iliikabidhi Delos kwa Athene na kuifanya bandari isiyo na ushuru. Ilikuwa njia ya kuikomoa Rhodes, iliyokuwa ikitajirika kwa ushuru wa bandari yake. Biashara ikahama. Wakaja Waitalia, Wasyria, Wamisri. Na bidhaa moja iliyoleta pesa nyingi ilikuwa binadamu. Mateka wa vita na watu walionaswa na maharamia walipakuliwa hapa, wakauzwa, wengi wakapelekwa Italia kufanya kazi za mashambani na majumbani.

Mwanajiografia Strabo anasema Delos iliweza kupokea na kusafirisha makumi ya maelfu ya watumwa kwa siku moja. Yeye aliandika soko likiwa limeshakufa, na wanahistoria wengi wanaona hapo alitia chumvi. Sawa. Chukua elfu kumi, uigawe kwa mia. Bado ni watu mia moja kwa siku, wakiuzwa kwenye kisiwa ambacho kifo kilihesabiwa kuwa uchafu.

Nilitembea katika mtaa wa nyumba za matajiri. Sakafu bado zina picha za vijiwe vya rangi: Dionysus amempanda mnyama kama chui, pomboo wakicheza. Kila mtu alikuwa akipiga picha, mimi pia. Ni kazi nzuri mno. Lakini pesa za kuilipia zilitoka bandarini.

Nimewahi kusimama Mkunazini, Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa mahali pake. Pale unaonyeshwa: hapa ndipo. Delos hakuna anayeweza kukuonyesha kwa uhakika. Wataalamu wengine waliwahi kuutaja uwanja mkubwa unaoitwa Agora ya Waitalia. Wengine wanapinga, wanasema palikuwa mahali pa kukutana tu. Mabishano hayajaisha. Majina ya wafanyabiashara waliotoa sadaka kwa miungu yamechongwa kwenye mawe, yanasomeka hadi leo. Waliouzwa hawakuachiwa jiwe la kuchonga.

Mwisho wa Delos ulikuja haraka. Mwaka 88 KK jeshi la mfalme Mithridates liliivamia, na mwaka 69 KK ikaporwa na maharamia, watu wa kazi ileile iliyokuwa ikililisha soko lake. Watu wakapungua, nyasi zikaota.

Ukienda Cyclades, oga baharini, kula pweza, furahi. Lakini tenga asubuhi moja ya Delos. Beba maji, vaa kofia, na ukifika gatini usikimbilie mahekalu. Simama kidogo palepale boti inapofunga kamba. Pahali pa kuuzia panabishaniwa, ila tunajua walikuja kwa bahari.